Mja Mzito wa Ololosokwan na Sisi wa Pwani

Wahenga walinena: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Natuyapime maneno hayo kwa habari za Ololosokwan, kijiji cha Wamasai katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, karibu na mpaka wa Kenya.

Zamani mja mzito wa huko alikuwa mikononi mwa wakunga wa kwao. Walijua kupapasa tumbo, na wakimpunguzia mama chakula ili mtoto asiwe mkubwa akashindwa kutoka. Lakini upungufu wa damu na kaswende iliyojificha havijulikani kwa kupapasa. Hutaka damu ipimwe, tena mapema, ili dawa imuwahi mtoto tumboni.

Miaka ya 1960 Herbert Watschinger, padri na daktari kutoka Austria, alianzisha hospitali ya Wasso, ikawatibu Wamasai na jirani zao Wabatemi. Ama kwa mama wa Ololosokwan, Wasso ni safari ndefu. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, serikali ilieneza zahanati vijijini. Miaka ya 2010 UNESCO na kampuni ya Samsung zilipeleka Ololosokwan umeme wa jua na intaneti, ili kituo cha afya kipate shauri la madaktari wa mbali.

Je, milango ilipofunguliwa, kina mama waliingia mapema? Uchunguzi wa taifa wa 2015 na 2016 ulionyesha kuwa katika kila wajawazito 100, 98 walipimwa angalau mara moja. Lakini 24 tu walikwenda kabla ya mwezi wa nne. Nao Shirika la Afya Duniani liliagiza mwaka 2016 kwamba mara ya kwanza isipite wiki 12.

Hesabu hiyo ni ya Tanzania nzima, na sisi wa Pwani tumo. Kwetu pia mimba changa hufichwa kwa haya na kwa kuogopa kijicho, na mara nyingi ruhusa na nauli zi mkononi mwa mume.

Basi, ewe mume, mkeo akikwambia siku zimempita, usingoje tumbo lionekane. Mtoe nauli, ufuatane naye. Nawe mama mkwe, siri yake itunze, lakini kliniki usimzuie. Mimba ni amana, na amana hulindwa tangu siku ya kupokewa.