Biashara Isiyo na Duka: Tarehe ya Katuni Mombasa

Gazeti la Nairobi likija Mombasa kwa barabara, hupita Kibarani kabla ya kuvuka Makupa na kuingia kisiwani. Taka za kisiwa nazo zilitoka kwa njia iyo hiyo. Kwa miaka mingi jaa kuu la mji lilikuwa hapo Kibarani, hadi serikali ya kaunti ilipolifunga mwaka 2018 na kuanza kupageuza bustani. Katuni walizosoma watu wa Mombasa zilipita pale mara mbili, zikiingia mpya na zikitoka zimechakaa. Baina ya safari hizo mbili hazikupata duka lililokuwa lao.

Mambo hayakuanza hivyo. Mombasa ilikuwa mji wa wachapaji kabla ya Nairobi kuwa mji. A. M. Jeevanjee alianzisha African Standard hapa mwaka 1902, na ndilo lililokuja kuitwa East African Standard na kuhamia Nairobi mwaka 1910. Mji wa Kale nao ulikuwa na kalamu zake: Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa mwaka 1930, kisha al-Islah mwaka 1932. Lakini mitambo mikubwa ilikwisha kufuata serikali na matangazo bara. Tangu hapo pwani ikawa ya kungojea, na magazeti yakateremka kutoka Nairobi pamoja na viazi na kabichi.

Katuni ilikuja imebebwa na gazeti. Juha Kalulu, aliyechorwa na Edward Gitau, alianza katika miaka ya 1950 akadumu zaidi ya nusu karne, na wasomaji wengi walimjua kupitia Taifa Leo, gazeti la kila siku lililoanza mwaka 1960. Gitau alifariki mwaka 2016. Ng'ambo ya mpaka, Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru tangu mwaka 1967. Aliyetaka Juha Kalulu alilazimika kununua gazeti zima, siasa, vifo, mpira na yote. Tena gazeti hilo halikuwa la mtu mmoja. Lilianza kwa mwenye nyumba, likateremka barazani, likazunguka kwa jirani, na jioni likawa la kufungia bajia na karanga. Nakala moja ikisomwa na watu kumi, mwenye gazeti amepata bei ya nakala moja tu.

Katuni ya kwanza kuvuma peke yake haikuchorwa, ilipigwa picha. African Film, lililotolewa na kampuni ya Drum ya Jim Bailey kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, liliuzwa Afrika Magharibi na Mashariki. Nyota wake alikuwa Lance Spearman, mpelelezi wa kofia na tai ya kipepeo, aliyeigizwa na Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini. Huyo ndiye vijana waliyemwita Spear. Mombasa ilikuwa tayari kwake. Huo ulikuwa mji wa majumba ya sinema ya Regal na Naaz, ambako watoto walitoka sinema wakirudia ngumi na miruko yote hadi mlangoni kwao. Spear alikuwa sinema ya asiye na nauli wala tikiti. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, lakini konde halihitaji mkalimani. Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, aliyaona hayo akaanzisha Film Tanzania, hadithi za picha kwa Kiswahili. Baadaye Dar es Salaam ikatoa gazeti la Sani, na wahusika wake Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Kipepe wakawa majina ya utani mitaani.

Nairobi nayo haikulala. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walitoa jarida la Joe, lililocheka shida za mtu wa kawaida mjini hadi lilipokoma mwaka 1979. Katika miaka ya 1980 Hirst akaja na Pichadithi, ngano za Kenya zilizochorwa, zikiwemo za Lwanda Magere na Abunuwasi.

Wasomaji walikuwapo, wachoraji walikuwapo, na Mombasa haikukosa familia za kuendesha duka. Mji huu una maduka ya vitambaa, dawa, viungo na vitabu vya dini ambayo babu aliyafungua na mjukuu ndiye anayekaa kwenye sanduku la pesa. Kilichokosekana ni mali ya kurithisha. Mchuuzi wa magazeti hanunui shehena, huchukua kwa wakala, huuza, na yasiyouzwa huyarudisha. Jioni kibanda chake ni kitupu. Toleo la mwezi uliopita halipo, na kama halipo halina bei.

Marekani nayo ilikuwa vivyo hivyo kwa muda mrefu: katuni ziliuzwa kwenye vibanda vya magazeti na maduka ya dawa, na mabaki yakirudishwa. Mambo yaligeuka katika miaka ya 1970, pale Phil Seuling wa New York alipopatana na wachapishaji anunue kwao moja kwa moja kwa bei nafuu na kuyauzia maduka, kwa sharti kwamba asichouza hakirudi. Mwenye duka akabaki na mzigo ambao ni mali yake. Akaupanga, akaupandishia bei kadiri ulivyozeeka, na watoto wake wakaukuta. Maduka ya katuni ya kifamilia tunayoyaona kwenye filamu za Marekani yalizaliwa na sharti hilo.

Kwetu, waliolikaribia zaidi duka ni Sasa Sema, shirika la uchapishaji lililoanzishwa Nairobi na Lila Luce mwaka 1996. Walitoa katuni kama vitabu kamili, tena kwa Kiswahili. Abunuwasi wa mchoraji Gado ni wa mwaka huo huo. Hizi zilistahili rafu, na kwa pwani zilikuwa kama mtoto anayerudi kwao, maana Abunuwasi tulisimuliwa na bibi zetu. Ila rafu za maduka ya vitabu ya Kenya ziliwekewa vitabu vya shule. Duka liliishi kwa Januari, wazazi walipopanga foleni na orodha za walimu, na kilichokuwa nje ya orodha kilikaa kikila vumbi. Sasa Sema iliishia mikononi mwa Longhorn, wachapishaji wa vitabu vya shule. Na mwaka 2018, serikali ilipoanza kupeleka vitabu shuleni moja kwa moja, hata hiyo Januari wenye maduka wakapungukiwa.

Kisha katuni ya Shujaaz, kuanzia Februari 2010, ikaliruka duka kabisa. Hadithi za Boyie na wenzake, kwa Sheng, zilitolewa bure ndani ya gazeti la Jumamosi na kwa mawakala wa M-Pesa. Mwaka 2012 na tena 2014 zilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Gharama zilibebwa na wafadhili na wenye ujumbe wa kupeleka. Kwa kuenea, hakuna katuni ya nyuma iliyoifikia. Lakini cha bure hakimfundishi kijana kununua, wala kuweka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo mchoraji wa Mombasa huweka kazi yake kwenye simu, nayo huzunguka Kisauni hadi Likoni kabla ya magharibi. Hilo ni baraza jipya, na lina shida ile ile ya baraza la zamani: wengi wanasoma, halipi hata mmoja. Anayetaka kufungua duka la katuni katika mji huu asianze kwa kutafuta wasomaji, kwani hao hawajawahi kukosekana. Aanze kwa kununua mzigo ambao hautarudishwa kwa wakala, aandike daftari lake, na awe na subira ya kuuacha uzeeke.