Tarihi ya Picha Zilizofichwa na Watu Waliozifumbua

Katika zama za filamu, mwenye picha aliishika milki yake mkononi: hata kampuni iliyounda kamera yake ikifilisika na kufunga milango, aliweza kuuinua ukanda wa filamu mbele ya dirisha akawaona jamaa zake, vivuli vikiwa nuru na nuru ikiwa vivuli, pasi na kuomba idhini ya mtu. Tangu picha ilipogeuzwa kuwa safu ya tarakimu ndani ya faili, kuiona kumehitaji programu inayojua jinsi tarakimu hizo zilivyopangwa; na kwa kuwa makampuni mengi yaliufanya mpango huo kuwa siri ya biashara, mpiga picha alijikuta ni mwenye picha kwa jina tu, ilhali uwezo wa kuifungua umebaki kwa aliyemuuzia chombo. Waliouvunja utaratibu huo walikuwa watu wachache, aghalabu wakifanya kazi peke yao, nao wanastahili kutajwa.

Wa kutangulia ni Jef Poskanzer, Mmarekani, ambaye katika miaka ya 1980 alibuni muundo sahili mno uitwao PBM, ambamo kila nukta ya picha nyeusi na nyeupe iliandikwa kwa tarakimu ya kawaida, 1 au 0, ili picha ipite salama katika barua pepe za siku zile, zisizostahimili kitu kingine isipokuwa maandishi matupu. Mwaka 1988 alitoa mkusanyiko wa programu ndogo ndogo ulioitwa Pbmplus, na muundo ule ukapata ndugu wawili, PGM wa picha za kijivu na PPM wa picha za rangi. Kama ilivyokuwa katika bandari za pwani yetu, ambako Mhindi, Mmanyema na Mshihiri hawakulazimika kujifunza lugha za wenzao wote madhali kila mmoja alikijua Kiswahili, ndivyo kila faili ngeni ilivyotakiwa kufasiriwa mara moja tu kuingia katika muundo huo wa kati, na mara moja kutoka. Penye miundo 20, kuufasiri kila mmoja kwenda kwa kila mwenziwe kungetaka programu 380; kwa kupitia kati, zatosha 40.

Faida ya mpango huo ilidhihirika Kodak ilipoleta sokoni Photo CD mwaka 1992. Mteja alipeleka filamu yake dukani akarejeshewa diski yenye picha zake, kila moja katika vipimo vitano, kuanzia nukta 192 kwa 128 hadi 3072 kwa 2048. Ustadi wa muundo huo haukuwa haba: mwangaza ulihifadhiwa mbali na rangi, na vipimo viwili vya juu havikuandikwa kwa ukamilifu, bali iliandikwa tofauti tu baina ya kipimo kikubwa na kile kilicho chini yake, nayo ikabanwa kwa msimbo wa Huffman. Mjerumani Hadmut Danisch aliuchunguza mpangilio wa baiti zenyewe, akatoa programu ya hpcdtoppm, iliyozifasiri picha hizo kuwa PPM. Kodak iliomba hifadhi ya mahakama kwa sababu ya madeni mwezi Januari 2012, wakati Photo CD yenyewe ilikwisha kuachwa zamani. Lakini mwenye diski kabatini hakubaki mikono mitupu.

Kazi ngumu zaidi ilikuja na kamera za dijiti. Tangu Bryce Bayer wa Kodak apate hataza yake mwaka 1976, kihisi cha kamera kwa kawaida hufunikwa kwa vichujio vya rangi, nusu kijani, robo nyekundu na robo buluu, hata kila nukta ikanasa rangi moja tu, na zile mbili zilizosalia hukadiriwa kutokana na majirani zake. Picha ghafi ni tarakimu hizo kabla ya makadirio, na kila mtengenezaji huzifunga kwa namna yake. Mwaka 1997 Mmarekani Dave Coffin alianza kuandika programu ya dcraw, kwa azma ya kusoma picha ghafi ya kamera yoyote katika kompyuta yoyote. Mfumbuaji wa faili za namna hii huanza na baiti za mwanzo: akikuta herufi II au MM zikifuatwa na namba 42, hujua kwamba chini ya vazi geni uko muundo wa kale wa TIFF, kama ilivyo katika faili za NEF za Nikon na CR2 za Canon, na kwamba kilichobaki ni kuitafuta siri iliyotiwa humo ndani.

Siri moja ilizusha ghasia. Mwaka 2005 ilibainika kwamba kamera ya Nikon D2X ilificha kwa msimbo vipimo vya mizani ya weupe, yaani habari zinazoiwezesha programu kujua nyeupe ilikuwaje chini ya jua au taa. Thomas Knoll, mmoja wa waasisi wa Photoshop, programu ya kampuni ya Adobe, alilalamika hadharani, kwani sheria ya Marekani ya 1998 ilikataza kuvunja kinga za namna hiyo, na Adobe ilichelea kushtakiwa. Nikon ikajibu kwamba ina vifaa vyake vya kuwapa watengenezaji wa programu. Coffin aliufumbua msimbo ule mwaka huo huo, akauweka wazi ndani ya dcraw.

Adobe ilikwisha kutangaza DNG mwaka 2004, muundo wa picha ghafi ambao maelezo yake yamechapishwa kwa wote; baadhi ya watengenezaji wakaukubali, na wakubwa wakashikilia miundo yao. Toleo la mwisho la dcraw lilitoka mwaka 2018, walakini msimbo wake unaendelea kutumika katika LibRaw, maktaba ya programu iliyochipuka kwake tangu 2008. Coffin alipoacha kazi, elimu yake haikuondoka naye, maana ilikuwa imeandikwa mahali ambapo kila mtu aweza kuisoma. Mhifadhi wa nyaraka anayepokea faili za kamera leo hana budi kuuliza, kabla ya kuuliza kama picha ni nzuri, kama maelezo ya kuifungua yamechapishwa; na kama hayajachapishwa, basi atengeneze nakala katika muundo ulio wazi wakati programu ya kuisoma ingali ikifanya kazi.