Gubbio: Mji Uliomlisha Adui Wake

Katikati ya Italia, katika mkoa wa Umbria, mji wa Gubbio umejengwa kwenye mteremko wa Mlima Ingino. Nyumba zake za mawe ya kijivu zimepandana kama ngazi, na juu yake limesimama Palazzo dei Consoli, jengo la serikali ya mji lililojengwa katika karne ya 14. Wageni huja kuutazama uzuri huo. Sisi tunavutwa zaidi na swali ambalo masimulizi ya mji huu yanalirudia: watu wa imani wamfanyeje adui aliye nje ya lango?

Jibu la kale kuliko yote liko ndani ya jengo hilo, kwenye vibao saba vya shaba. Vibao hivyo vina maagizo ya ibada za wenyeji kabla ya Ukristo. Katika ibada ya kuwatakasa watu, makuhani waliyataja mataifa jirani kwa majina, wakayafukuza kutoka kusanyikoni na kuyaombea mabaya. Sala ya namna hiyo haijafa. Hata nasi twaweza kupiga magoti tukamletea Mungu orodha ya watu wa kuangamizwa.

Jibu la pili ni la Askofu Ubaldo, aliyefariki tarehe 16 Mei 1160. Husimuliwa kwamba mafundi wa ukuta wa mji waliliharibu shamba lake la mizabibu. Alipowaonya kwa upole, msimamizi wao alimsukuma akaangukia kwenye chokaa mbichi. Watu walitaka mtu huyo aadhibiwe vikali, lakini askofu alimsamehe na kumbusu. Hadi leo, kila tarehe 15 Mei, wenyeji hukimbia kupanda mlima wakibeba mabegani minara mitatu ya mbao yenye sanamu za Ubaldo, George na Antonio. Mnara wa Ubaldo hutangulia daima, wala hakuna anayeruhusiwa kumpita mwenzake. Wanakimbia kwa nguvu zao zote katika mashindano ambayo mshindi wake anajulikana tangu mwanzo.

Jibu la tatu ndilo maarufu zaidi. Mbwa mwitu mkali alikuwa akila mifugo na watu, hata hakuna aliyethubutu kutoka mjini bila silaha. Fransisko wa Assisi alimwendea mikono mitupu, akamkemea kwa mauaji yake. Kisha akawaambia watu kwamba mnyama huyo aliua kwa sababu ya njaa. Agano likafungwa: mji utamlisha, naye hatamdhuru mtu. Kwa miaka miwili alipita nyumba kwa nyumba akipewa chakula, na alipokufa kwa uzee, watu walimlilia.

Je, ilitokea? Fransisko alifariki mwaka 1226, na kitabu kilichoieneza habari hii kilikusanywa zaidi ya miaka 100 baadaye. Hatuna sababu ya kuihesabu kama ushahidi wa mahakamani. Lakini Ungamo letu la Augsburg, katika kifungu cha 21, linatufundisha kuwakumbuka watakatifu ili imani yetu iimarishwe na tufuate matendo yao mema, bila kuwaomba. Kwa kipimo hicho simulizi hii ina kazi kwetu. Fransisko hakuuficha uovu wa mnyama, wala hakuificha njaa yake. Ndilo agizo la Mtume Paulo katika Warumi 12 kuhusu adui mwenye njaa.

Hata hivyo, mji huu unatuzuia kuhubiri jambo hili kirahisi. Mwezi Juni 1944, wapiganaji wa msituni walimuua ofisa mmoja Mjerumani. Tarehe 22, wanajeshi wa Ujerumani waliwapiga risasi raia 40 wa Gubbio, wanaume kwa wanawake, kulipiza kisasi. Safari hii hakukufungwa agano na mbwa mwitu. Jeshi hilo lilitoka katika nchi alikozaliwa Martin Luther, kwa hiyo sisi Walutheri hatuwezi kuisoma habari hiyo kama dhambi ya watu wa mbali tu. Mbwa mwitu anaweza kuwa amebatizwa.

Basi hatuahidiwi kwamba kila adui atatulia tukimwendea. Bwana wetu mwenyewe aliteswa nje ya lango. Lakini hakukaa ndani ya ukuta akiwalaani waliokuwa nje, na sisi tulio wake hatuna ruhusa ya kukaa humo. Katika ugomvi wa ukoo, wa shamba au wa usharika, tuutaje uovu waziwazi, kisha tuulize: huyu ana njaa ya nini, na nani kati yetu atampelekea chakula?