Buchi Emecheta: Mwandishi aliyeandika upya riwaya iliyotiwa moto na mumewe

KATIKATI ya miaka ya 1960, jijini London, mswada wa riwaya ya kwanza ya Buchi Emecheta uliteketezwa na mtu aliyepaswa kuwa msomaji wake wa kwanza. Alikuwa ameuandika katika madaftari ya shule, akiiba muda baina ya ajira na malezi ya watoto. Kwa mujibu wa masimulizi yake mwenyewe, mumewe alikataa kuusoma, kisha akauchoma.

Emecheta alikuwa na umri wa miaka 22 alipoihama ndoa hiyo, akiwa na watoto wanne na mimba ya wa tano. Hakuwa na mali wala jamaa wa kumkimbilia katika nchi hiyo ya kigeni. Kisa chote cha maisha yake ya uandishi, kilichozaa vitabu zaidi ya 20, kinaanzia kwenye jivu hilo.

Florence Onyebuchi Emecheta alizaliwa Julai 21, 1944 jijini Lagos. Wazazi wake walikuwa Waigbo kutoka Ibusa, mji ulio magharibi mwa Mto Niger katika eneo ambalo leo ni jimbo la Delta. Babake alifanya kazi katika shirika la reli. Mamake alikuwa na historia ya kusikitisha: alipokuwa msichana mdogo, kaka yake alimuuza kwa jamaa yao ili apate pesa za kununua vilemba vya hariri vya kujipambia katika ngoma ya rika lake. Alirudi kwao akiwa huru baada ya bibi aliyemmiliki kufariki. Miaka mingi baadaye bintiye aliitumia habari hiyo kuandika The Slave Girl, riwaya iliyochapishwa mwaka 1977.

Shuleni alipelekwa kwanza ndugu yake mdogo, kwa kuwa alikuwa mvulana. Buchi alibaki nyumbani hadi wazazi walipokubali kwamba hata elimu ya binti ina faida. Alimpoteza babake akiwa na umri wa miaka tisa hivi, lakini mwaka uliofuata akapata ufadhili wa kusoma katika shule ya upili ya wasichana. Huko, siku aliyotamka kwamba angependa kuwa mwandishi, mwalimu mmoja alimwamuru aende kanisani akaombe msamaha kwa kiburi hicho.

Mapenzi yake ya hadithi yalikuwa yametoka kwingine kabisa. Alipozuru Ibusa utotoni aliwasikiliza wanawake wazee wakisimulia ngano jioni, akatamani kuwa na uwezo kama wao. Aliolewa akiwa na miaka 16, na mwaka 1962 akamfuata mumewe Uingereza na watoto wawili.

Aliloliona huko limehifadhiwa katika Second-Class Citizen ya mwaka 1974, riwaya inayofuata maisha yake mwenyewe kwa karibu. Mhusika mkuu, Adah, anafika London akidhani ameingia peponi, kumbe nyumba za kupangisha zinabandikwa matangazo ya kuwakataa watu weusi. Anafanya kazi maktabani na kumlisha mume anayesoma bila kufaulu mitihani. Wenzake kazini wanapomwambia kwamba mswada wake ni mtoto wa akili yake, anaamini. Ndiyo maana mumewe anapouchoma, kwake ni sawa na kuua mtoto. Mwandishi hapayuki wala haombi huruma. Anasimulia kwa sauti ya mtu anayehesabu bili za mwisho wa mwezi, na hapo ndipo penye nguvu ya kitabu hicho.

Baada ya talaka, Emecheta aliwalea watoto watano peke yake katika mtaa wa nyumba za baraza la mji, akasomea shahada ya sosholojia katika Chuo Kikuu cha London, na kuamka alfajiri kuandika kabla watoto hawajadai kiamsha kinywa. Makala alizoandikia jarida la New Statesman kuhusu maisha hayo ndizo zilizogeuka kitabu chake cha kwanza, In the Ditch, mwaka 1972.

Naye hakuusahau mswada ulioungua. Aliuandika upya, ukatoka mwaka 1976 kwa jina The Bride Price, yaani Mahari. Ni kisa cha Aku-nna, msichana anayemchagua kijana wa ukoo wa watumwa, kinyume cha mapenzi ya jamaa zake, naye anafariki akijifungua mtoto wake wa kwanza. Emecheta alieleza baadaye kwamba Aku-nna alikufa kifo ambacho kilistahili kuwa chake yeye.

Hata hivyo, kilele cha kazi yake ni The Joys of Motherhood ya mwaka 1979. Kitabu hicho kiliingia katika msururu wa waandishi wa Afrika wa Heinemann, ule ule uliowatangaza Ngugi wa Thiong'o na Meja Mwangi. Kichwa chake kimetokana na maneno ya mwisho ya Efuru, riwaya ya Flora Nwapa ya mwaka 1966.

Nnu Ego, mhusika mkuu, anataka kujitupa kutoka daraja la Lagos baada ya mtoto wake wa kwanza kufa. Anajaliwa wengine, anajinyima chakula na nguo ili wavulana wasome, nao wanakwenda Marekani na Kanada. Anakufa kando ya njia bila mtoto wa kumshika mkono. Wanawe wanarudi kumfanyia mazishi ya kifahari, na kaburini kunajengwa mahali pa wanawake tasa kuombea uzazi. Nnu Ego, angawa marehemu, hawajibu.

Wapo waliomlaumu kwa kuwaanika wanaume wa Afrika mbele ya Wazungu. Lawama hiyo ni nyepesi, kwa sababu ubaguzi wa Waingereza hakuusaza, na hata wanawake wanaowakandamiza wenzao aliwaumbua. Neno ‘feministi’ mwenyewe alilikubali shingo upande: herufi yake ya kwanza, alisema, iwe ndogo.

Vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970 vilimkuta ughaibuni. Destination Biafra, ya mwaka 1982, imetajwa kuwa kumbukumbu ya jamaa na marafiki waliofariki, wakiwemo wasichana wawili wa ukoo wake walioangamia kwa njaa. Mmoja wao aliitwa Buchi Emecheta.

Mwaka 1983 aliorodheshwa na jarida la Granta miongoni mwa waandishi bora vijana wa Uingereza, pamoja na Salman Rushdie na Kazuo Ishiguro. Mwaka 2005 alitunukiwa nishani ya OBE. Aliugua kiharusi mwaka 2010, na akafariki London Januari 25, 2017 akiwa na miaka 72. Mwaka 2021 Second-Class Citizen ilichapishwa upya katika msururu wa vitabu vya kale vya shirika la Penguin, ikiwa ni pamoja na ukurasa wa Adah akiyatazama madaftari yake yakiungua.