Danai Gurira: Aliyezipeleka hadithi za wanawake wa Afrika Broadway

Na Mwandishi Wetu

WAPENZI wengi wa filamu Afrika Mashariki wanamfahamu kama Okoye, jemadari aliyenyoa kichwa na kushika mkuki, anayeongoza kikosi cha wanawake wanaomlinda mfalme wa Wakanda katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018. Wengine wanamkumbuka kama Michonne, mwanamke mwenye upanga katika mfululizo wa televisheni wa The Walking Dead. Ni wachache wanaofahamu kwamba miaka mingi kabla ya kushika mkuki na upanga, Danai Gurira alikuwa ameshika kalamu, na kwamba kalamu hiyo ndiyo iliyomfungulia milango.

Gurira ni mwigizaji, mwandishi wa tamthilia na mwanzilishi wa asasi ya sanaa za jukwaani nchini Zimbabwe. Kazi zake zimegusa Ukimwi, vita, ukoloni, dini na ndoa, lakini zote zinaunganishwa na swali moja: nani anayesimulia maisha ya mwanamke wa Kiafrika, na anamsimulia nani?

Mtoto wa nchi mbili

Gurira alizaliwa Februari 14, 1978, katika mji mdogo wa Grinnell, jimbo la Iowa, Marekani. Wazazi wake walikuwa wameondoka Rhodesia ya Kusini katika miaka ya 1960, wakati nchi hiyo ikiwa chini ya utawala wa Wazungu wachache. Baba yake alikuwa mhadhiri wa kemia na mama yake alifanya kazi ya ukutubi.

Zimbabwe ilipata uhuru mwaka 1980. Mwishoni mwa mwaka 1983 familia ilirejea nyumbani, na Danai, kitinda mimba wa watoto wanne, akaingia Harare akiwa na umri wa miaka mitano. Huko ndiko alikokulia, akasoma katika shule ya sekondari ya wasichana ya Dominican Convent, na kuishi baina ya Kishona na Kiingereza.

Baada ya sekondari alirudi Marekani kwa masomo ya juu. Katika Chuo cha Macalester, mjini St. Paul, jimbo la Minnesota, hakusomea uigizaji bali saikolojia. Akiwa mwanafunzi alikwenda Afrika Kusini kwa masomo ya muda, ambako alikutana na wasanii waliokuwa wameitumia sanaa kupambana na ubaguzi wa rangi. Safari hiyo ilimwonyesha kwamba jukwaa si mahali pa burudani peke yake. Baadaye alijiunga na Shule ya Sanaa ya Tisch ya Chuo Kikuu cha New York, alikohitimu shahada ya uzamili katika uigizaji mwaka 2004.

Maisha ya namna hiyo yana faida na gharama. Marekani alikuwa Mwafrika, na Harare alikuwa mtoto aliyetoka Marekani. Lakini anayekaa kizingitini huviona vyumba vyote viwili, na kazi zake nyingi zimeandikwa kutoka mahali hapo.

Wanawake wawili, ugonjwa mmoja

Akiwa chuoni New York, Gurira aligundua kwamba majukumu ya mwanamke wa Kiafrika katika tamthilia za Marekani ni haba, na yaliyokuwapo hayakufanana na wanawake aliowajua. Akaamua kuyaandika mwenyewe.

Mwanafunzi mwenzake, Mmarekani Mweusi Nikkole Salter, alikuwa akishughulikia wazo linalokaribiana na lake. Wawili hao waliunganisha nguvu, na mwaka 2005 igizo lao, In the Continuum, likaonyeshwa New York.

Igizo hilo lina waigizaji wawili tu, ambao ni waandishi wenyewe, wanaobadilika na kuwa watu wengi. Mhusika mmoja ni Abigail, mtangazaji wa habari mjini Harare, mwanamke wa tabaka la kati mwenye ndoa na matumaini. Mwingine ni Nia, msichana anayeishi katika mtaa wa watu maskini mjini Los Angeles. Hawajuani na hawakutani. Lakini kila mmoja ni mjamzito, na kila mmoja anaambiwa kwamba ana virusi vya Ukimwi.

Wakati huo Zimbabwe ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi na ugonjwa huo duniani, na nchini Marekani wanawake weusi walikuwa wakiambukizwa kwa kiwango kikubwa kuliko wanawake wazungu. Takwimu zilikuwapo tele. Kilichokosekana ni sura za watu. Igizo hilo lilionyesha kwamba mwanamke wa Harare na yule wa Los Angeles wote wanaogopa jambo moja: kumwambia mwanamume, kuiambia familia, kuonekana kuwa ndio wenye kosa.

In the Continuum ilipata tuzo ya Obie, inayotolewa kwa kazi bora za majukwaa ya New York yaliyo nje ya Broadway, na baadaye ikaonyeshwa Zimbabwe na Afrika Kusini.

Vita vya Liberia na wake wasio na majina

Mafanikio hayo yalimwezesha kuingia katika filamu. Katika The Visitor, iliyoongozwa na Tom McCarthy na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2007, aliigiza kama Zainab, mhamiaji kutoka Senegal asiye na vibali anayeuza mapambo New York. Mwaka 2009 alipanda Broadway kwa mara ya kwanza kama mwigizaji, katika Joe Turner's Come and Gone ya August Wilson.

Hata hivyo, kalamu haikuwekwa chini. Mwaka 2007 Gurira alikwenda Liberia, nchi iliyokuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomalizika mwaka 2003. Alizungumza na wanawake walioishi katika vita hivyo, wakiwamo waliochukuliwa kwa nguvu, waliobeba bunduki na waliosimama barabarani kudai amani. Kutokana na mazungumzo hayo aliandika Eclipsed, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009 katika ukumbi wa Woolly Mammoth, Washington.

Mandhari ya igizo ni kambi ya waasi mwaka 2003. Wanawake waliofanywa wake wa kamanda mmoja wanaishi katika kibanda kimoja, na wanaitana kwa namba: wa Kwanza, wa Tatu, wa Nne. Wa Pili ameondoka kwenda kupigana. Kamanda mwenyewe haonekani jukwaani hata mara moja, ingawa kila anapokaribia wanawake hujipanga mstari na mmoja wao huchaguliwa. Anaingia msichana mdogo ambaye lazima achague: kubaki kibandani kama mke, au kushika bunduki na kuwa mmoja wa wanaowakamata wasichana wengine.

Jambo linaloshangaza ni kwamba watazamaji hucheka. Wanawake hao wana kitabu kilichochakaa kuhusu maisha ya Rais Bill Clinton, na msichana, ambaye anajua kusoma, huwasomea wenzake. Wanamwelewa rais huyo kwa kipimo cha kambi yao, na Monica Lewinsky wanamwita mke wa pili. Kicheko hicho kinamrudishia ubinadamu mtu ambaye katika taarifa za habari angetajwa kama mwathirika tu.

Lupita na milango ya Broadway

Mwaka huo huo wa 2009 Eclipsed ilionyeshwa pia katika ukumbi wa Yale, ambako mwanafunzi mmoja kutoka Kenya aliteuliwa kuwa mwigizaji wa akiba. Alikuwa Lupita Nyong'o. Miaka mitano baadaye alitwaa tuzo ya Oscar kwa filamu ya 12 Years a Slave, na alipokuwa na uwezo wa kuchagua kazi ya jukwaani, alilichagua igizo hilo.

Mwaka 2015 liliwekwa katika ukumbi wa Public Theater, New York, likiongozwa na Liesl Tommy, mzaliwa wa Afrika Kusini, naye Lupita akiwa msichana asiye na jina. Machi 2016 lilihamia Broadway, katika ukumbi wa John Golden. Lilikuwa igizo la kwanza katika historia ya Broadway ambalo mwandishi, mwongozaji na waigizaji wote walikuwa wanawake weusi. Liliteuliwa kuwania tuzo sita za Tony na kushinda moja, ya maleba.

Majira hayo hayo igizo lake jingine, Familiar, lilikuwa likiendelea katika ukumbi wa Playwrights Horizons katika jiji hilo hilo. Linahusu familia ya Wazimbabwe wanaoishi Minnesota, ambao maandalizi ya harusi ya binti yao yanazua ugomvi kuhusu roora, yaani mahari ya Kishona. Je, mila ivuke bahari, au iachwe uwanja wa ndege? Msomaji yeyote mwenye ndugu ughaibuni anaujua ugomvi huo.

Kabla ya hapo, mwaka 2012, alikuwa ametoa The Convert. Igizo hilo linarudi mwaka 1896, wakati wa Chimurenga ya Kwanza, Washona na Wandebele walipowapiga vita walowezi wa Kiingereza. Msichana Jekesai anakimbia ndoa ya kulazimishwa, anapata hifadhi kwa mhubiri Mwafrika, anabatizwa na kupewa jina la Ester. Dini inamwokoa, kisha inamtaka awakane watu wake. Gurira hawagawi wahusika wake katika wema na wabaya, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya igizo hilo lionyeshwe tena London, ambako mwaka 2018 Letitia Wright, mwenzake wa Black Panther, aliigiza katika ukumbi wa Young Vic.

Mcheza kwao hutunzwa

Hapa ndipo panapozuka swali gumu. Igizo kuhusu Liberia lilizaliwa Washington, na lile la Harare ya mwaka 1896 lilizaliwa Princeton, katika jimbo la New Jersey. Waliokaa vitini, kwa sehemu kubwa, walikuwa Wamarekani wenye uwezo wa kulipa kiingilio. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Je, anayecheza ugenini ngoma za kwao, anamtumikia nani?

Gurira hakulijibu swali hilo kwa maneno. Mwaka 2011, yeye na wenzake walianzisha Almasi Collaborative Arts, asasi yenye makao Harare. Jina lenyewe halihitaji tafsiri kwa msomaji wa Kiswahili: jiwe la thamani lililo ardhini, ambalo bila kuchimbwa na kusuguliwa halitoi mwanga.

Utaratibu wa Almasi ni mafunzo na ushirikiano. Wasanii wenye taaluma kutoka Marekani hufanya kazi pamoja na waandishi, waongozaji na waigizaji wa Zimbabwe. Njia yake kuu ni usomaji wa jukwaani: muswada mpya husomwa na waigizaji mbele ya hadhira, bila mandhari wala maleba ya gharama, kisha mwandishi hurudi kuurekebisha. Ni njia inayogharimu kidogo kuliko onyesho kamili, lakini humpa mwandishi kijana kile ambacho fedha peke yake haziwezi kununua, yaani nafasi ya kukosea na kuandika upya kabla ya hukumu ya umma.

Jambo hili lina uzito hata kwa nchi zetu. Katika sehemu nyingi za Afrika, sanaa za jukwaani zimezoea kutegemea mradi wa mfadhili. Igizo huandikwa kwa sababu kuna bajeti ya malaria au ya uchaguzi, na bajeti ikiisha kikundi husambaratika. Kumjenga mwandishi ni kazi ya miaka, na matunda yake hayaonekani katika taarifa ya robo mwaka.

Umaarufu kama nyenzo

Fedha na sauti ya kuendesha mambo hayo zilitokana kwa kiasi kikubwa na skrini. Kuanzia mwaka 2012 hadi 2020 alikuwa Michonne katika The Walking Dead. Black Panther iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani kote, na akarudi kama Okoye mwaka 2022 katika Wakanda Forever. Mwaka 2024 alirejea kama Michonne katika The Ones Who Live, safari hii akiwa pia mmoja wa waanzilishi wa mfululizo huo na mwandishi wa sehemu yake mojawapo.

Mwaka 2016 alianzisha Love Our Girls, kampeni inayoeleza matatizo yanayowakabili wanawake na wasichana. Desemba 2018 aliteuliwa kuwa Balozi wa Hisani wa shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia wanawake.

Si kila jambo lilifanikiwa. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba angeandika na kusimamia mfululizo wa televisheni wa Americanah, riwaya ya Mnigeria Chimamanda Ngozi Adichie, huku Lupita akiwa mhusika mkuu. Janga la corona lilivuruga ratiba, Lupita akajitoa, na mwaka 2020 mradi ukafutwa.

Hata hivyo, jukwaa hakuliacha. Mwaka 2022, akiwa tayari nyota wa filamu, aliigiza kama Richard III wa Shakespeare katika maonyesho ya bure ya bustani ya Central Park, New York: mwanamke Mwafrika akivaa taji la mfalme wa Uingereza, mbele ya watu ambao hawakulipa kiingilio.

Kwa vijana wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala wanaotamani njia yake, somo lipo mwanzoni mwa safari. Gurira hakusubiri aitwe. Alipoona hakuna nafasi iliyoandikwa kwa ajili yake, aliiandika. Kisha, mlango ulipofunguka, aliwafungulia na wengine waliokuwa nyuma yake Harare.