Kurudi Je?

"Kwenda tutakwenda," nahodha aliniambia asubuhi ya kwanza, tukiwa tumesimama gatini Lamu. "Kurudi je, mwanangu?"

Ilikuwa Julai na kusi lilikuwa limeshika. Nilitaka kwenda Kiwayu kwa jahazi, nione tanga likifanya kazi, kwa ajili ya sura ya pili ya tasnifu yangu. Katika sura hiyo nilikuwa nimeandika, tena kwa kujiamini, kwamba pepo za msimu ziliwapa mabaharia wa Bahari ya Hindi ratiba ya kutegemewa: kaskazi huwaleta kutoka Uarabuni kuanzia Novemba au Desemba, kusi huwarudisha kuanzia Aprili. Kwamba Juni na Julai kusi huwa kali hata vyombo vikabaki bandarini, nilikitaja kwa nusu sentensi. Nikachagua Julai, kwa sababu ndiyo likizo ya chuo.

Basi nikaanza kupanda boti za abiria. Ya Pate huondoka kwa kufuata maji, kwa kuwa Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, haupitiki vizuri maji yakipwa. Kila siku saa husogea. Abiria wenzangu walilijua hilo, ni mimi tu niliyekuwa nauliza "saa ngapi kamili?"

Tulishuka Mtangawanda, tukatembea hadi mji wa Pate, ambako tumbaku hulimwa katikati ya magofu ya nyumba za mawe. Kwenye kisiwa hichohicho kuna Shanga, ambako Mark Horton alichimba miaka ya 1980 na kukuta, chini ya msikiti wa Ijumaa, mabaki ya misikiti midogo iliyotangulia, ya mwanzo kabisa ikiwa ya karne ya 8. Sisi wanafunzi wa historia hupenda kuuliza mabaharia walileta nini. Nikiwa nimekaa kivulini nangoja maji yajae, nilijiuliza walikula nini. Mtu anayengoja upepo kwa miezi anahitaji maji, mahali pa kulala, mtu wa kumkopesha, mtu wa kumpikia. Wengine walioa. Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, alikaa wiki kadhaa katika delta ya Rufiji, mabaharia wakipakia boriti za mikoko. Kwenye ramani ya tasnifu yangu, safari za namna hiyo ni mshale mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi.

Siku ya nne nilikwenda Shela. Hapo, karibu mwaka 1812, majeshi ya Pate na Wamazrui wa Mombasa yalishuka kuipiga Lamu, yakashindwa, yakakimbilia vyombo. Masimulizi ya Lamu yanasema maji yalikuwa yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani. Waliuawa ufukweni. Kwa miaka mingi baadaye upepo uliendelea kuifukua mifupa kwenye matuta ya mchanga. Watu wa Lamu, wakihofia kisasi, walimwomba Sayyid Said wa Oman awalinde. Akatuma liwali, na ngome ya mji ikakamilika mwaka 1821. Vitabuni nimelisoma tukio hilo kama hatua ya Oman kuelekea kuitawala pwani. Pale mchangani niliwaza vile vyombo. Walioshuka hawakuwa wageni wa bahari. Walijua kupwa na kujaa kuliko nitakavyojua mimi maishani. Nadhani hawakupiga hesabu ya kurudi mbio.

Siku ya sita nilibakiwa na nauli ya boti ya Mokowe na ya basi. Upepo haukuwa umelegea. Nilikwenda kumuaga nahodha, akaniuliza nitakuja tena lini.

"Desemba, nikifunga muhula."

Akacheka. "Desemba ni kaskazi. Hapo kurudi ni rahisi. Kwenda ndiyo kazi."