Mgeni mkazi apatapo ajali Machakos: yampasayo kufanya mbele ya sheria

MGENI aishiye Kenya kwa kibali cha kazi au cha masomo hana sheria yake ya barabarani. Akigonga mtu au gari pale Kyumvi, kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, au akinaswa akiendesha kwa kasi karibu na Mlolongo, atashtakiwa chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, sawa na mwenyeji aliyezaliwa Mua au Kathiani. Tofauti ni kwamba makosa yake ya saa za mwanzo humgharimu zaidi, kwani mahakama yaweza kuizuia pasipoti yake hadi kesi itakapokwisha.

Wageni wa aina hiyo si wachache Machakos. Wapo mameneja na mafundi wa viwanda vya eneo la EPZ Athi River, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Daystar, na madereva wa malori yaendayo Uganda, Rwanda na Kongo. Baadhi yao wametoka nchi ambako magari hupita upande wa kulia, kama vile Kongo, Rwanda, Burundi na Ethiopia. Kenya, kama Uganda na Tanzania, hufuata upande wa kushoto, na dereva aliyechoka hurudia mazoea ya kwao hasa anapoingia barabarani kutoka kituo cha mafuta.

Leseni ya kwao humfaa mgeni kwa kipindi cha mpito tu. Aliyekuja kukaa anapaswa kutafuta leseni ya Kenya kupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Jambo hili huonekana dogo mpaka siku ya ajali, kwa kuwa kampuni ya bima huuliza kwanza kama aliyekuwa kwenye usukani alikuwa na leseni halali.

Ajali ikitokea, kifungu cha 73 kinamtaka dereva asimame, atoe jina na anwani yake, ya mwenye gari, na nambari za gari. Asipoweza kufanya hivyo, sharti apige ripoti polisi mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote isipite saa 24. Mtu akiwa ameuawa au kuumia vibaya, gari halisogezwi mpaka polisi wafike na kupima, isipokuwa pale inapobidi kumwokoa aliyenaswa.

Hapo ndipo penye mtihani. Katika masoko ya kando ya barabara umati hukusanyika upesi, wanabodaboda wakiwa wa kwanza, na mgeni asiyejua Kiswahili wala Kikamba huona hatari kubwa kuliko iliyopo, au huona ndogo kuliko iliyopo. Kukimbia kabisa ni kosa. Lakini aliyetishiwa maisha huelekea moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu na kueleza papo hapo kwa nini hakubaki. Anayekwenda nyumbani kwanza, akaripoti kesho yake jioni, atapata shida kueleweka.

Kituoni tukio huandikwa kitabuni na mhusika hupewa nambari ya OB. Aidai na kuinakili. Baadaye polisi hutoa hati ya muhtasari wa ajali, ambayo wengi huiita abstrakti; bila hiyo bima hailipi. Aliyejeruhiwa hupewa fomu ya P3, ambayo hujazwa na daktari, kwa mfano katika Hospitali ya Machakos Level 5. Gari nalo hukaguliwa ili kujua kama breki zilikuwa nzima.

Bima ya lazima chini ya Sura ya 405 hulinda watu wengine dhidi ya kifo na majeraha, tena kwa kikomo cha shilingi milioni 3 kwa kila mdai. Haitengenezi gari la mwenye bima, wala sheria hailazimishi ilipie ukuta au gari la jirani. Magari yatokayo nchi jirani hutumia Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania pia imo ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo.

Mtu akifa, shtaka laweza kuwa la kifungu cha 46, ambalo adhabu yake hufika miaka 10 jela. Mgeni aliyekamatwa ana haki, chini ya Katiba ya 2010, kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, kupata wakili na kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Kesi ikianza, mkalimani hatozwi malipo. Mkataba wa Vienna wa 1963 unamruhusu kuomba ubalozi wake ujulishwe. Ubalozi hautamtoa rumande, ila utampa orodha ya mawakili. Kesi husikizwa palipotokea ajali: ya Athi River huenda Mavoko, ya mjini huenda Machakos, hata kama dereva anaishi Nairobi.

Wenye kinga ya kidiplomasia ni habari nyingine. Mwaka 2013 mfanyakazi wa ubalozi wa Marekani aliondoka Kenya mara baada ya gari lake kugongana na matatu Nairobi na baba wa watoto watatu kufariki. Mhandisi wa kiwanda au mwanafunzi hana mlango huo.

Kwa makosa madogo, kanuni za 2016 ziliweka faini maalum: shilingi 500 kwa kutofunga mkanda, 1,000 kwa kutobeba leseni, 2,000 kwa kutumia simu ukiendesha, na 10,000 kwa kuvuka kikomo cha mwendo kwa kilomita 16 hadi 20. Ndani ya mji kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Fedha zilipwe kwa njia yenye risiti. Anayetoa kitu kidogo hufanya kosa sawa na anayepokea, na Sheria ya Hongo ya 2016 inaweza kumfunga miaka 10, adhabu isiyolingana hata kidogo na mkanda wa shilingi 500.

Mapatano ya kando ya barabara kuhusu taa iliyovunjika si haramu, mradi hakuna aliyeumia na yaandikwe na kutiwa saini. Kesi ya jinai na dai la fidia ni vitu viwili. Aliyeachiliwa kortini bado anaweza kudaiwa, na mdai ana miaka 3 ya kufungua shauri. Mgeni ambaye kibali chake kinakaribia kwisha aijulishe kampuni ya bima kwa maandishi na kumwachia wakili anwani yake kabla ya kupanda ndege.